Hakuna Aliyesikia Katikati

Jumapili iliyopita, kati ya mlango wa kanisa na lango la nyumba yetu mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, watu watatu walimwita baba yangu patron, bwana mwenye pesa. Baba ni mstaafu wa reli. Ana baiskeli moja na suti moja, na suti yenyewe ndiyo aliyovaa siku anamwoa mama. Patron wa kwanza alimchekesha. Wa pili alimnyamazisha. Wa tatu alikuwa Maman Régine, jirani yetu anayeuza makaa, na hapo baba akasimama katikati ya njia.

“Maman Régine, njo nini hii? Juu ya nini leo bote munaniita patron?”

“Eh, Papa Constantin! Banakutupia jina mu nyimbo, halafu unauliza?”

Akachomoa simu kwenye mkunjo wa kitenge, akapeleka wimbo mbele mpaka mwisho wake, akainua sauti. Gitaa lilikuwa linaishia. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kutaja watu: “Jeannot ku guitare! Maître Chishimba ku studio! Plamedie, mutoto wa Papa Constantin, Bel-Air!”

Plamedie ni mimi. Niliikumbatia misale, kitabu changu cha sala, mbele ya watu wa parokia nzima. Sauti ile niliijua vizuri kuliko ya kwangu mwenyewe. Wimbo ule niliujua pia, maana mimi ndiye niliyeutuma ili uje kutolewa kwenye internet. Lakini maneno yale sikuwa nimeyasikia hata siku moja.

Mgeni wa Lubumbashi anaweza asione kosa liko wapi. Kwetu mtu hatajwi bure mwishoni mwa wimbo. Tunaita kutupa libanga: mwanamuziki anataja jina lako, na kila anayesikia anajua ulifungua mkono. Kwa hiyo mtaa mzima uliamini kwamba Papa Constantin, ambaye sebule yake inavuja tangu masika ya juzi, amemlipa mwanamuziki ili aimbwe.

Mama alikuwa Mokambo, mpakani, kwa biashara yake ya unga, kwa hiyo nilikaa peke yangu na baba mezani. Hakugusa bukari, ugali wetu.

“Ule muntu njo nani?”

“Anaitwa Alexis, papa.”

“Anatumika kazi gani?”

“Anaimba.”

“Nimeuliza kazi.”

Nilinyamaza. Baba akasukuma sahani kando. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini kuja kujenga reli, baba akaiendesha, na katika nyumba yetu kazi ni kitu chenye king'ora cha asubuhi.

“Bantu ya kwabo banatoka wapi?”

“Kasaï. Papa yake anauzisha bitambaa mu ville.”

“Na ule papa, hakumufundisha? Mutoto mwanamuke habamutupe mu nyimbo sawa patron wa kulipia bantu bière. Kama anakutaka, mulango anaujua. Anatuma bantu yake, banaikala apa, banasema. Kama hakutake, jina yako inafanya nini mu kinywa yake?”

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Hata mimi sikujua jina langu linafanya nini kinywani mwake.

“Vendredi,” baba akasema, akiinuka. “Mpaka vendredi ile majina mbili zitoke. Kama hazitoke, usinitajie tena ule muntu mu hii nyumba.”

Nifanyeje? Ijumaa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya Alexis kuuombea wimbo wake nafasi.

Ninafanya kazi kwenye secrétariat public katikati ya mji, chumba kimoja nyuma ya Posta. Napiga CV, barua za kuomba likizo, risala za harusi. Alexis aliingia humo mara ya kwanza miezi kumi na minne iliyopita, na clé USB iliyofungwa kwa uzi, akaniomba nimsaidie kuingiza wimbo wake kwenye zile playlist kubwa, orodha za nyimbo ambazo watu wa Kinshasa na Paris wanazisikiliza. Nilicheka. Sikuwa najua lolote kuhusu playlist. Lakini alikuwa na namna ya kusimama mbele ya meza akinisubiri, kimya, macho yakifuata mikono yangu, na mimi nikajikuta nasoma usiku na mchana mambo ambayo hakuna aliyenituma kuyasoma.

Wimbo wa kwanza tulichelewa. Alinijia nao siku umeshatoka, na ndipo nikajifunza kwamba wale wanaochagua nyimbo hupokea maombi ya wimbo ambao bado haujatoka, tena unatakiwa kuwafikia angalau wiki moja kabla. Wimbo wa pili alipata bwana mmoja kwenye Facebook aliyeahidi kumpa playlist ndani ya siku tatu. Siku ya tatu tulikuwa na wasikilizaji elfu tisa, wote wa mji mmoja ambao mimi na Alexis hatukuwahi kuusikia. Wiki iliyofuata wimbo ukaondolewa wote. Walikuwa wasikilizaji wa uongo, mashine tupu. Alexis hakulia, ila alikaa kwenye kiti cha wateja saa nzima, na mimi nilitamani kumshika mkono nikaishia kumpa maji.

Wimbo wa tatu ulikuwa ndio huu. Safari hii nilijifanya mwalimu. “Muntu anakupa secondes trente,” nilimwambia. “Kama haipende, anaruka. Na kama wengi banaruka, hata playlist inakutupa. Hapana kuanza na majina ya bantu. Majina yote, weka kwa mwisho.” Akatii. Aliporudi na wimbo uliorekebishwa nilisikiliza sekunde zangu thelathini, nikasema iko bien, nikautuma kwa kampuni inayosambaza, tarehe ya kutoka ikawekwa. Kilichobaki kilikuwa fomu ya kuuombea nafasi kwenye playlist, nayo ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi. Mwalimu wa sekunde thelathini hakusikiliza sekunde ya thelathini na moja. Na Jeannot, mpiga gitaa ambaye hajui kutunza siri wala simu, akausambaza WhatsApp.

Ijumaa saa tisa alasiri Alexis aliingia. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolivaa siku ya kurekodi.

“Jambo, Plamedie. Fomu iko tayari?”

“Ikala.”

Aliposikia sauti yangu alikaa bila kuvuta kiti.

“Iko nini?”

“Jina ya papa yangu inafanya nini mu nyimbo yako?”

Mashine ya fotokopi ya duka la pili ilikuwa inalia upande wa pili wa ukuta.

“Ulisikia,” akasema hatimaye. Uso wake ulichangamka ghafla, nikachanganyikiwa zaidi. “Kumbe ulisikia! Nilikuwa nangojea. Juma mbili nangojea useme kintu.”

“Sikusikia miye. Maman Régine njo alisikia. Na papa. Dimanche, mu njia, mbele ya bantu.”

Uso ulirudi ulikotoka.

“Lakini weye njo uliituma.”

“Nilisikia mwanzo.”

“Mwanzo tu?”

“Secondes trente.”

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa na Alexis kwa macho mengi, ya kuomba, ya kucheka, ya njaa siku ambazo hajala. Macho haya sikuyajua.

“Papa naye alisikia nini?”

“Mwisho. Maman Régine alimuwekea mwisho, pale pa majina. Anasema unamutupa sawa patron wa bière. Anasema jina zitoke leo, ao nisikutaje tena ku nyumba.” Nikageuza kiti changu nimwelekee. “Na miye nakuuliza, Alexis. Uniambie kabla sijafanya kintu. Unanitaja kati ya Jeannot na fundi wa studio. Njo merci? Juu ninakuandikia fomu? Kama njo merci, sema merci, niifute, kila muntu aende kwabo.”

“Merci?”

“Siyo merci?”

“Plamedie, iko dakika nne na secondes kumi na mbili. Weye ulisikia mwanzo. Papa yako alisikia mwisho. Katikati nani alisikia?”

Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu, maana kugombana najua. Aliinuka akaenda mlangoni, akasimama akitazama barabara, mgongo wake ukinielekea.

“Ifute,” akasema bila kugeuka. “Badilisha nyimbo, weka ingine bila majina.”

“Nikibadilisha leo, tarehe inasogea. Fomu inafungwa. Playlist haiko tena.”

“Najua. Ulinifundisha.”

“Ni mara ya tatu, Alexis.”

“Itakuwa ya ine. Papa yako akinifungia mulango, playlist itanisaidia nini?”

Nilibaki na mkono juu ya kipanya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Mwanamume aliyengoja miezi kumi na minne alikuwa anatupa kila kitu kwa ajili ya mlango wa nyumba inayovuja, na mimi bado sikuwa na uhakika kama niko ndani ya wimbo au niko kwenye orodha ya shukrani tu. Nilimpenda. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini kupenda mtu na kujua anachowaza ni mambo mawili, na la pili lilikuwa linanitesa.

Nikavaa vya masikioni. Nikarudisha wimbo mwanzo.

Sekunde thelathini nilizijua. Halafu gitaa la Jeannot likashuka, na Alexis akaanza kuimba polepole, karibu anaongea:

*Courant ilienda, tulibakia mu giza,*
*uliweka crayon mu nywele, ukasahau iko wapi.*
*Uliitafuta ku meza, uliitafuta chini ya kiti.*
*Miye niliiona. Nilinyamaza.*
*Juu ukiipata utaniambia: bon, na weye, kwenda.*

Nilipeleka mkono kichwani. Kalamu ya risasi ilikuwa huko huko, kwenye fundo la nywele, ninakoiweka kila siku. Niliikumbuka jioni ile. Umeme ulikatika wimbo wake wa pili ukiwa umebakiza kidogo sana kupanda mtandaoni, nikawasha mshumaa, nikatafuta kalamu karibu nusu saa nikilaani SNEL, shirika la umeme, na mashetani wote, na yeye ameketi pale pale kwenye kiti cha wateja akinisaidia kutafuta. Alipiga hata magoti. Alitazama chini ya kabati.

Wimbo uliendelea. Kulikuwa na maji niliyompa siku ya wasikilizaji wa uongo. Kulikuwa na jinsi ninavyosema *attends*, subiri, hata kwa mtu ambaye hajafanya lolote. Kisha gitaa likaisha na majina yakaanza, Jeannot, Maître Chishimba, lakini kabla ya jina langu palikuwa na kitu ambacho simu ya Maman Régine haikuweza kukitoa kule njiani: mlio mdogo wa kidole kikigonga mbao, mara tatu. Halafu jina langu, na la baba, na la mtaa wetu.

Alikuwa anapiga hodi.

Nikatoa vya masikioni. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na sikujali.

“Muongo weye,” nikasema. “Ulitafuta crayon na miye mpaka chini ya kabati.”

Aligeuka. Hakucheka, alikuwa anaogopa.

“Ningefanya nini? Ungenifukuza.”

“Na juu ya nini hukusema? Miezi kumi na ine!”

“Nilisema. Niliimba, nikakuletea, ukasema iko bien.”

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini. Nikavuta kibodi.

“Kuya apa. Ikala. Tufanye fomu.”

“Na papa?”

“Ikala, nimesema.”

Tukafanya fomu. Lugha: Kiswahili. Ala: gitaa, sauti. Mji wa msanii: Lubumbashi. Ikafika sehemu ya hisia za wimbo, ambapo unachagua kwenye orodha iliyopangwa na watu wasiotujua: furaha, huzuni, mahaba, utulivu, hasira. Nilipitia orodha mara mbili nikitafuta kuchanganyikiwa. Hakumo. Alexis akanyoosha kidole kwenye mahaba, haraka, kisha akakiondoa kama ameungua. Nikayachagua.

Mwisho kabisa palikuwa na kisanduku kimoja kitupu. Eleza wimbo huu unahusu nini, herufi mia tano, si zaidi. Kwa nyimbo zilizopita nilikuwa naandika mambo ya kupendeza, kijana wa Katanga, rumba ya kisasa. Safari hii vidole vilikaa juu ya herufi bila kushuka.

“Andika tu mapenzi,” Alexis akanong'ona.

“Nyamaza mbele.”

Nikaandika, kwa Kifaransa changu cha barua za likizo, na alikuwa anasoma juu ya bega langu neno moja moja, nikisikia pumzi yake: *Wimbo huu unahusu mwanamke anayeandika fomu kama hii. Aliupandisha wimbo mwenyewe bila kuusikiliza wote. Leo ameusikiliza. Jina lililo mwishoni ni lake. Limebaki kwa sababu yeye mwenyewe amesema libaki. Anampenda anayeimba, na nyinyi mmejua kabla yake. Tafadhali sikilizeni mpaka katikati.*

Pumzi ilikatika nyuma ya bega langu.

“Plamedie.”

“Attends,” nikasema, kisha nikajisikia nimelisema, nikacheka na kulia pamoja. Nikabonyeza. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, taa ya chumba ikapepesa mara moja, sote wawili tukashika meza. Umeme haukukatika. Fomu ikapokelewa.

Hatukujua kama kuna mtu yeyote ataisoma. Huo ndio ukweli wa mambo haya: unatuma kwa watu wasio na uso, halafu unangoja, na mara nyingi hawajibu. Alexis alikuwa ameshika ukingo wa meza bado. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayeweka muhuri.

“Papa atakuuliza,” akasema. “Utamwambia nini?”

“Sijuwe.”

Na kweli sikujua. Nilijua tu kwamba nimevunja neno la baba kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, kwa kufahamu, na kwamba hakuna tena cha kufuta.

Nilifika Bel-Air jua halijazama. Baba alikuwa barazani akifunga mnyororo wa baiskeli, mikono ina mafuta meusi. Hakunisalimu. Alisubiri.

“Zilitoka?”

“Hapana, papa.”

Akaweka koleo chini taratibu. Nimemwona baba akikasirika mara chache, na kila mara huanza kwa kuweka chini alichoshika. Kabla hajasema nilipiga magoti kando ya baiskeli, nikaegemeza simu yangu kwenye tairi, mbele ya macho yake.

“Papa, nalomba dakika ine. Nikimaliza, useme yote unataka, hata kunifukuza. Lakini mpaka dakika ine ziishe, usiseme kintu.”

“Plamedie…”

“Dakika ine, papa. Ulisikia mwisho tu. Na miye nilisikia mwanzo tu. Tulimuhukumu muntu, hakuna hata moja alisikia.”

Akafuta mikono kwenye suruali. Nikauanzisha wimbo.

Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza injini zamani, nilipokuwa mdogo akinipeleka kazini kwake. Sekunde thelathini zikapita, uso wake haukusema chochote. Courant ikaenda. Kalamu ikapotea. Niliangalia kidole chake kimoja chenye mafuta kikitulia juu ya goti, sikuthubutu kuangalia macho. Maji yakapita, *attends* ikapita. Majina yakaanza, na baba akakunja uso akijiandaa. Kisha zikaja zile hodi tatu.

Baba aliinua kichwa akatazama lango letu.

Aligutuka kidogo tu, kisha akakugeuza kuwa kikohozi, lakini mimi niliona: kwa nukta moja alidhani kweli kuna mtu nje. Jina langu likasemwa, likafuata la kwake, na wimbo ukaisha. Jirani alikuwa anamwaga maji upande wa pili wa ukuta.

“Ile crayon,” baba akasema. “Aliiona?”

“Aliiona, papa.”

“Na alinyamaza.”

“Alinyamaza.”

Akaokota koleo, akaligeuza mkononi, akaliweka tena chini. Sikujua kama anakasirika au anataka kucheka, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akanisogezea simu kwa kidole kimoja asije akaichafua.

“Rudisha,” akasema. “Pale pa katikati.”